Mhusika Msumbufu Anaishi kwa Mkopo

Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons kuingia sokoni, Gary Gygax, mmoja wa wabunifu wake, na Robert Kuntz walitoa kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Humo ndimo walimozaliwa mwizi na paladini. Mwizi kazi yake ni kufungua makufuli, kunyata gizani na kuchomoa vitu mifukoni mwa watu. Paladini ni shujaa mtakatifu, na kanuni zilimbana kwelikweli: tendo moja tu la kwenda kinyume na utaratibu lingemvua upaladini, na asingeupata tena. Wachezaji wakawachukua hawa wawili, wakawatia katika kundi moja na kuwapeleka pangoni pamoja. Ugomvi wao haujaisha mpaka leo.

Ukitaka kuzungumzia wahusika wanaoudhi, watu humtaja mwizi kwanza. Mimi naona paladini ameharibu jioni nyingi vilevile. Mwizi akimwibia mwenzake pete, amemkosea mmoja. Paladini anayechezwa vibaya anawafungia wote: hakuna kumhonga mlinzi, hakuna kuvizia, hakuna kumtisha mateka, hata uongo mdogo langoni ni mwiko. Kila mpango lazima upite kwake kwanza. Ukimlalamikia mchezaji wake, atakujibu kwa sentensi ileile anayoitumia mwizi: "Ndivyo mhusika wangu angefanya."

Kwa asiyeifahamu michezo hii, maelezo ni mafupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani, wote isipokuwa mmoja wakiwa na wahusika wao walioandikwa kwenye karatasi. Huyo mmoja ni mwongozaji, ambaye anaueleza ulimwengu na kuwachezea watu wengine wote waliomo. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu zinaamua yale yasiyo na uhakika, na hadithi inasonga. Hakuna mwandishi mmoja aliyeiandika mapema. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito katika yote nitakayoyasema hapa chini.

Niseme wazi kwamba nawapenda wahusika wenye kasoro, na meza isiyo nao hunichosha. Kundi la watu hodari, wakweli, wasioogopa na wasiokosea halina la kuzungumza njiani. Linaua zimwi, linagawana dhahabu, linakwenda kwa zimwi lingine. Mtie humo mwoga mmoja, au bibi mjuaji asiyeweza kukiri kwamba amepotea njia, na ghafla wengine wote wanapata kazi: wa kumtetea, wa kumkaripia, wa kumfichia aibu, wa kumsamehe shingo upande. Kasoro ya mmoja ndiyo inayotuonyesha wengine ni watu gani. Kwa hiyo ninapouliza kwa nini baadhi ya wahusika hawa hugeuka kero, simaanishi kwamba tuchezeane malaika.

Jibu langu linaanzia kwenye swali ambalo wachezaji wachache hujiuliza. Ndani ya hadithi yenyewe, watu wanaokwenda kupambana na joka wangemvumilia kwa muda gani mwenzao anayewaibia dawa zao wakiwa usingizini? Wangemfukuza kesho yake asubuhi, na wangekuwa na haki. Lakini mezani hawamfukuzi, kwa sababu nyuma ya mwizi yule amekaa rafiki yao, na kumtoa mhusika kundini ni sawa na kumwambia rafiki afungashe aende kwao. Basi wanameza. Wanabuni visingizio vya kuendelea kusafiri naye, wanajifanya hawajaona, wanavunja tabia za wahusika wao ili tabia ya mmoja isimame. Mhusika msumbufu anaishi kwa mkopo, na kinachokopwa ni urafiki wa watu halisi waliokaa pale. Si dhambi kukopa. Ila anayekopa anapaswa kujua kwamba anakopa, na awe na njia ya kurudisha.

Hapa ndipo mifano ya hadithi inapowapotosha watu. Abunuwasi ni mlaghai na mwongo, nasi tunampenda tangu utotoni. Lakini angalia hila zake zinamwangukia nani: sultani, tajiri, jirani aliyeingiwa na tamaa. Tena sisi ni wasikilizaji tu. Hakuna aliyelazimika kusafiri naye miezi sita na kumwamini zamu ya usiku. Hadithi iliyoandikwa ina mtu anayeikata. Mwandishi anajua mlevi wake amechosha wapi, anamtoa ukumbini, anamrudisha akiwa na jambo. Mezani hakuna mwenye mkasi. Mchezaji akiamua kwamba mhusika wake ananung'unika, atanung'unika kwa muda uleule ambao sisi tunausikia, dakika kwa dakika, na dakika hizo zimetoka katika saa tatu au nne tulizotengewa sote.

Turudi kwenye ile sentensi ya utetezi. "Ndivyo mhusika wangu angefanya" inamchukulia mhusika kama mtu mwenye hiari yake, na mchezaji kama karani anayeandika tu kilichotokea. Sivyo ilivyo. Mhusika mwenye tamaa akiona kito kwenye mkoba wa mwenzake anaweza kukiiba. Anaweza pia kukikodolea macho mpaka mwenzake amgundue. Anaweza kumshawishi wacheze kamari, akapoteza viatu vyake. Anaweza kujizuia kwa taabu usiku kucha, asubuhi akamwibia mwenyeji wao, yule bwana mkubwa ambaye kundi zima linamchukia. Yote ni tamaa, yote ni mtu yuleyule. Kati ya njia hizo, mchezaji ndiye aliyeichagua ile iliyomnyang'anya rafiki yake kitu na kumwacha bila la kufanya isipokuwa kukasirika. Uchaguzi ni wake, na lawama ni yake.

Nitatoa mfano kwa karibu zaidi, kwa sababu tofauti ninayoitafuta ni ndogo na haionekani kwa maneno ya jumla. Kundi limefika kivukoni, maadui wako nyuma, mwenzao mmoja amelazwa kwenye machela na jeraha la mkuki. Mwenye mashua anataka vipande kumi vya dhahabu. Mwenye mkoba wa kundi ni mchoyo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi yake.

Katika meza moja, mchoyo anaanza kupatana bei. Anataja vitatu. Mwongozaji, akiwa mwenye mashua, anakataa. Anataja vinne, anatoa hotuba, anatishia kuogelea. Wenzake wanamwomba alipe. Anawaambia dhahabu haiokotwi. Dakika ishirini zinapita. Mmoja ameshatoa simu. Mchezaji wa majeruhi, ambaye mhusika wake hawezi hata kusimama, ameweka kalamu chini. Mchoyo amecheza uchoyo wake barabara, na meza imekufa.

Katika meza nyingine, mchezaji wa mchoyo anataja vipande vitatu, kisha anatoka kidogo katika sauti ya mhusika wake na kuwaambia wenzake: "Huyu hataachia peke yake. Nataka mmoja wenu amnyang'anye." Mchezaji wa majeruhi anaruka: "Mimi! Nimelala hapo miguuni pake, naunyoosha mkono naukata mkoba." Dadu inatupwa, mkoba unaanguka, dhahabu inatapakaa kwenye ubao wa mashua, mwenye mashua anazikusanya kumi zake na mbili za ziada. Mchoyo anapiga kelele mpaka ng'ambo. Huko anatoa kijidaftari na kuandika mbele ya wote kwamba majeruhi anadaiwa vipande kumi na viwili. Yote yamechukua dakika nne. Majeruhi, ambaye hakuwa na zamu ya maana jioni nzima, amepata tendo lake. Na sasa kuna kijidaftari, kitu ambacho yeyote anaweza kukichezea vikao vijavyo: kukiiba, kukisoma kwa siri, kulipa deni kwa mbwembwe siku ya harusi.

Uchoyo ni uleule, pengine wa pili ni mkali zaidi. Kilichotofautiana ni kwamba mchezaji wa pili aliacha mlango wazi na akamwita mwenzake apite. Alikubali mhusika wake ashindwe, tena mbele ya watu. Naamini mtihani wa kasoro yoyote ni huo: nani anaulipia usumbufu, na je, wengine wamepewa namna ya kujibu? Kasoro inayomwangukia mwenyewe na kuwapa wengine jambo la kufanya inaweza kuwa kubwa kadiri mtu atakavyo. Ile inayowaangukia wenzake na kuwaachia uvumilivu tu, hata ikiwa ndogo, inachosha upesi.

Wabunifu wa michezo wamekuwa wakilihangaikia jambo hili kwa miongo, ingawa si kwa maneno haya. Champions ya 1981 ilimruhusu mchezaji ajichukulie udhaifu ili apate pointi zaidi za kununulia uwezo. GURPS ya Steve Jackson, mwaka 1986, iliusambaza mtindo huo kwa hadithi za kila aina: ukiwa na hasira za karibu, au woga wa mahali pa juu, unalipwa pointi, pamoja na vijitabia vitano vidogo vya pointi mojamoja. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kanuni zilisema waziwazi kwamba udhaifu una thamani. Lakini hesabu yake ilikuwa na kasoro moja ambayo naiona mpaka leo. Malipo yanatolewa siku ya kwanza, tena kwa mtu mmoja. Tabu inakuja baadaye, na inalikumba kundi zima. Mwenye hasira anafaidi mkono wenye nguvu. Ugomvi anaouanzisha kilabuni ni wa wote. Au kinyume chake: akishapokea pointi zake, mchezaji anausahau udhaifu, na mwongozaji mwenye mambo mia anausahau pia.

Pendragon ya Greg Stafford, iliyotoka 1985, ilikwenda njia nyingine, na mimi naistahi kuliko zote za enzi yake. Kila shujaa ana jozi 13 za tabia zinazokinzana: mkarimu na mchoyo, mnyenyekevu na mwenye kiburi, mwenye huruma na katili, na kadhalika. Kila jozi jumla yake ni 20, kwa hiyo ukipanda kwenye kiburi unashuka kwenye unyenyekevu kwa kiasi kilekile. Tabia ikifika 16 inakuwa sifa inayojulikana, na katika mtihani mzito unaitupia dadu ya pande 20. Wakati mwingine dadu inakuambia kwamba shujaa wako, uliyempanga awe na subira usiku huu, ameshindwa. Nimesikia wachezaji wakilalamika kwamba hilo linawapokonya mamlaka. Mimi naona linawapa nafasi ya kuona aibu pamoja. Hakuna mtu mezani aliyechagua kuharibu. Shujaa ameanguka, mchezaji wake amesikitika kama wengine, na sote tunatazama upande mmoja. Kero ya mhusika inakuwa ya hadithi, haiwi tena ya mtu aliyeketi kiti cha tatu.

Fate, hasa katika toleo la Fate Core la 2013, iliyahamisha malipo hadi wakati wa tabu yenyewe. Mhusika ana tatizo lililoandikwa kwa sentensi fupi, mwongozaji anakusogezea pointi akisema, "Nadhani kiburi chako kinakuzuia kuomba msamaha hapa." Ukikubali, mambo yanaharibika nawe unaichukua pointi ya kukusaidia baadaye. Ukikataa, unalipa pointi yako mwenyewe. Nalipenda hili kwa sababu linatendeka hadharani. Meza nzima inaona kiburi kinapopewa nafasi, na aghalabu wenzako wenyewe ndio wanaopendekeza. Blades in the Dark ya John Harper, 2017, inakwenda karibu na hapo: wahalifu wake wana uraibu wanaolazimika kuutuliza ili wapunguze msongo, wakipitiliza wanaliingiza kundi matatani, na mwisho wa kikao mchezaji anapata uzoefu kwa kuwa mhusika wake alisumbuliwa na uraibu au majeraha ya nafsi. Anayelipwa ni aliyesumbuka.

Dungeons & Dragons yenyewe ilijaribu. Toleo la 2014 lilimtaka kila mhusika awe na kasoro, likatoa majedwali ya kuchagulia, na mwongozaji akapewa ruhusa ya kumzawadia anayeiigiza vizuri. Wazo zuri, lakini zawadi ilitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja aliyekwisha kulemewa na mambo. Meza nyingi ziliisahau. Vitabu vya 2024 vikayaondoa majedwali hayo katika maelezo ya asili za wahusika, na zawadi ile ikabaki kuwa nafasi ya kurudia dadu. Nasikitika kidogo. Jedwali lile halikuwa na meno, lakini lilimlazimisha mchezaji mgeni ajiulize, "Mtu wangu ana tatizo gani?"

Mfano wa kuepukwa ni wakenda (kwa Kiingereza kender), jamii ndogo ya watu wafupi waliotoka katika ulimwengu wa kubuniwa wa Dragonlance, 1984. Wakenda hawana woga, wana udadisi usiokwisha, na mikono yao hujikuta imeshika vitu vya watu. Wameandikiwa kwamba hawana nia ya kuiba. Wanaokota, wanaazima, wanasahau. Hapo ndipo penye kosa, kwa maoni yangu. Mwizi akikuibia unaweza kumkasirikia, kumpiga, kudai chako. Kenda amesamehewa kabla hajatenda. Ukimkasirikia, wewe ndiye mkali usiyeelewa. Kanuni zimempa mchezaji mmoja leseni ya kuchukua vya wenzake, na zimewanyang'anya wenzake haki ya kujibu. Sishangai kwamba kuna meza zilizompiga marufuku.

Kuna msumbufu mwingine ambaye hapigi kelele wala haibi, na kwa hiyo hushukiwa kwa nadra: yule mpweke aliyejifunika joho kwenye kona ya kilabu, asiyemwamini yeyote, asiyejibu swali. Mchezaji wake huona amebuni mtu mwenye kina. Ukweli ni kwamba ametoa amri kwa meza nzima: nifuateni, nibembelezeni, nichimbueni. Upweke ukitaka kuchezwa vizuri, mchezaji lazima awe mwepesi kuliko mhusika wake. Mhusika anakataa kujiunga. Mchezaji ndiye anayetafuta sababu ya yeye kujikuta amejiunga.

Wahusika hawa wa upweke, nikiwa mkweli, wengine hutengenezwa na waongozaji. Kuna waongozaji ambao kila ukimpa mhusika wako mama, mama anatekwa. Ukimpa deni, deni linaua. Ukiandika kwamba anaogopa maji, kila pango lina ziwa. Mchezaji akishaumwa mara kadhaa anakuletea yatima asiye na ndugu, asiye na woga, asiyependa mtu. Kama unaongoza na wachezaji wako wote ni wa namna hiyo, angalia ulivyozitumia kasoro walizokupa mwanzo. Kasoro inatakiwa impe mhusika jambo la kuvutia, pengine hata ushindi wa ajabu: mwoga aliyekimbia ndiye aliyeona njia ya kutokea. Ikiwa kila mara ni adhabu, hakuna mwenye akili atakayekupa nyingine.

Wapo wanaosema mazungumzo haya yote ya kukubaliana yanaua mshangao, kwamba usaliti ulioruhusiwa si usaliti. Sikubaliani nao. Paranoia, iliyotoka 1984, imejaa usaliti tangu mwanzo hadi mwisho: kila mhusika ni msaliti wa namna fulani na amepewa nakala sita za mwili kwa sababu anatarajiwa kuuawa na wenzake. Fiasco ya Jason Morningstar, 2009, imejengwa juu ya watu wenye tamaa kubwa na busara kidogo wanaoangushana mpaka mwisho. Watu hutoka kwenye michezo hiyo wakikumbatiana. Kila aliyeketi alijua ameketia nini. Nani atasalitiwa, lini na kwa njia gani, hayo bado yanashtua. Kisichopaswa kumshtua mtu ni kugundua katikati ya kikao cha nane kwamba rafiki yake amekuwa akicheza mchezo tofauti na wake.

Ndiyo maana napendelea kasoro zitajwe mapema, hata zile za siri. Mwambie kila mtu mezani, "Mtu wangu amewauza kwa mfalme, wahusika wenu hawajui, ninyi mjue." Utaona maajabu. Wachezaji wataanza kukutengenezea nafasi za kuumbuka, watakuuliza maswali ya mitego huku nyuso zao zimekakamaa kwa kuzuia kicheko, watamtuma mhusika wako apeleke barua ileile anayotaka kuisoma. Siri iliyofichwa kwa wote hukupa furaha peke yako, na siku inapofichuka wengine hupata dakika moja ya mshtuko na wiki ya kinyongo.

Na mambo yakiharibika? Kosa linalofanywa sana ni kulishughulikia ndani ya hadithi. Mwongozaji anamshushia radi mhusika anayeudhi, wenzake wanamwacha afe maji, mwenyewe analipiza kwa kumleta mwingine mbaya zaidi. Mchezaji hajui kama ameonywa au ni bahati mbaya ya dadu. Sema naye akiwa yeye, kwa jina lake, kabla ya kikao, na utaje tukio moja: jana kivukoni, dakika ishirini zile, na fulani hakupata zamu. Usimwambie abadilishe mhusika mzima. Mwulize kama kasoro ileile inaweza kugeuzwa imwangukie yeye. Mara nyingi inaweza, na mara nyingi mchezaji hufurahi, kwa kuwa alitaka kuchekesha na hakujua kwa nini watu hawacheki.

Isipowezekana, mhusika aondoke kwa heshima. Paladini anaitwa na hekalu lake, mwizi anapata kazi kubwa mji mwingine, mpweke anarudi msituni. Mwongozaji anaichukua karatasi na kumweka pembeni, akitaka atamrudisha baadaye akiwa mshirika au adui, na kwa kazi ya uadui wahusika hawa wana sifa zote zinazotakiwa. Mchezaji anachukua karatasi mpya jioni hiyohiyo, na wenzake wanamsaidia kuijaza, wakianzia kwenye sehemu ya kasoro.